Alama za Mheshimiwa Rahabu

Kijiji cha Kinyalambo,
kwa njia ya basi, Shelui.
8 Aprili 2024

Mheshimiwa Rahabu Mazengo,
Mbunge wa Viti Maalum, Mkoa wa Singida,
Dodoma.

YAH: MICHANGO YAKO BUNGENI, NA MKONO WANGU WA KULIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi mzima, Mama Jesca mzima, Jesca mzima. Usishangae mwandiko huu. Ni wa mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto bado uko darasa la kwanza.

Mheshimiwa, tangu uapishwe sijakosa mchango wako hata mmoja. Redio niliitundika juu ya mashine ya kukamua alizeti, na nina daftari nene, kaunta buku ya kwaya mbili, ambamo naandika tarehe, hoja uliyochangia na alama. Novemba ulizungumzia vibarua wa mashambani: sitini na nane. Februari, madaraka ya serikali za vijiji: hamsini na tano, kwa sababu ulisoma karatasi badala ya kuzungumza. Mama Jesca ananiuliza mimi ni nani hata nimpe mbunge alama. Namjibu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha pikipiki ya ofisi alipoletwa hapa kuwa Mtendaji wetu wa Kijiji, msichana wa Itigi asiyejua hata salamu ya Kinyiramba. Kwa hiyo ni mwanafunzi wangu.

Sasa nije kwenye mkono. Mwaka jana mwezi wa sita, mkanda wa mashine ya kijiji ulinikamata. Vidole vitatu vya kulia vilibaki kwenye mashudu. Nilikuwa nimeiendesha mashine ile miaka kumi, asubuhi mpaka jioni, msimu na usio msimu. Nilipoomba fidia, Halmashauri walinijibu kwa mdomo, pale dirishani, kwamba sikuwahi kuwa mfanyakazi. Eti nilikuwa najitolea. Eti imeandikwa hivyo kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wa mwaka 2013.

Kwenye mkutano ule ulikuwepo wewe mwenyewe. Mwenyekiti aliuliza nani anaafiki Leonidas aajiriwe, mikono ikanyooka uwanja mzima, hata ya watu wasionipenda. Nani alisema habari za kujitolea? Mtendaji wa sasa, Nasri Mselemu, kijana wa mjini Singida, ndiye mwenye ufunguo wa kabati la nyaraka. Naamini amechomoa ukurasa akaweka wa kwake, na nimemwambia hivyo dukani kwa Mwantum, mbele ya watu.

Nakuomba usimame Bungeni uliseme hili. Sikupigii simu kwa sababu simu haina nakala. Nakuomba na wewe unijibu kwa karatasi.

Zamani nikiandika barua za mashine nilikuwa nasaini kwa cheo changu. Sasa nimeambiwa sikuwa nacho. Basi nafasi ya cheo naiacha wazi mpaka nijulishwe nilikuwa nani kwa miaka kumi.

Wako,
Leonidas Mpinga
Cheo: .......................


Dodoma,
15 Aprili 2024

Baba Jesca, shikamoo.

Barua yako nimeipokea kutoka kwa kondakta, imekunjwa mara nane kama hirizi. Nimecheka kwenye hamsini na tano, halafu nikafika kwenye mkono, kicheko kikaisha. Pole sana, Baba Jesca. Nilisikia kwamba umeumia, sikujua ni kiasi hicho. Nimeona aibu kwamba nimejua kwa barua, mimi niliyekula ugali wa Mama Jesca miezi minane kabla sijapata nyumba ya kupanga.

Jumatano ni bajeti ya TAMISEMI na jina langu lipo kwenye orodha ya wachangiaji. Nina dakika tano. Nilikuwa niseme habari za madarasa. Nimeyaweka pembeni, wenzangu watayasema. Mimi nitazungumza juu ya watu wanaofanya kazi za vijiji kila siku halafu wakiumia wanaambiwa walikuwa wanajitolea. Unanijua nikiamua. Baba yangu alishindilia kokoto za reli pale Itigi mpaka mgongo ukapinda, na jambo hili silizungumzi kwa kusoma kitabu.

Mambo ya muhtasari tuyaache kwanza. Ukianza kupekua makabati utachoka bure. Jambo kubwa ni sera.

Safari hii sitasoma karatasi. Andaa kalamu yako.

Wako mtiifu,
Rahabu Mazengo (Mb)


Kinyalambo,
19 Aprili 2024

Mheshimiwa,

YAH: ALAMA THEMANINI NA MBILI

Hii ni rekodi. Kabla ya hapo hukuwahi kuvuka sabini.

Jumatano redio tuliipeleka dukani kwa Mwantum maana yake ina spika kubwa. Walikuja watu wa vitongoji vyote vitatu. Uliposema, "Mheshimiwa Spika, mtu hajitolei miaka kumi, mtu anayejitolea miaka kumi huyo ameajiriwa isipokuwa mwajiri hataki kusema," Mzee Amosi alisimama akapiga makofi peke yake, na yeye unajua hajawahi kumpigia mtu makofi tangu harusi yake. Niliona kama mtu amenishika mkono ule na kuuinua.

Nimekata alama kumi na nane. Nane ni za kengele, ulivuka muda. Kumi ni kwa sababu uliiponda hoja dakika nne na nusu, halafu ukamaliza, "naunga mkono hoja asilimia mia moja." Sijaelewa. Wabunge wote mnafanya hivyo, lakini wewe nilidhani utajizuia.

Pale uliposema "watendaji wetu wa vijiji, wavivu wa kalamu, ndio wanaogeuza ajira za watu kuwa hisani," watu wote waligeuka kumtazama Nasri. Alikuwa amekuja kununua vocha. Jana amepata barua ya Mkurugenzi, ajieleze ndani ya siku thelathini kwa nini Kinyalambo imetajwa hivyo. Anaapa kwamba faili alilikuta kama lilivyo. Wote huapa.

Jesca anakwenda Kiomboi, makao ya Halmashauri, wiki ijayo kuomba nakala ya muhtasari wenyewe. Tukiupata, Nasri hana pa kutokea, na mimi nitapata cheo changu.

Leonidas Mpinga
Cheo: ....................... (lakini nimeanza kuchonga kalamu)


Dodoma,
24 Aprili 2024

Baba Jesca, shikamoo.

Nafurahi umefurahi. Waziri amejibu kwamba atatoa waraka kwa halmashauri zote juu ya watu wa namna yako. Hiyo ni hatua kubwa, na imetokana na wewe.

Mwambie Jesca asipoteze nauli ya Kiomboi. Nyaraka za zamani zile nyingi zimeliwa na mchwa, na ukisubiri waraka utapata haki yako bila kugombana na mtu. Huyo Nasri naye ni kijana, msimkamie sana.

Nimeongea na daktari mmoja wa mifupa hapa Dodoma. Yuko tayari kuutazama mkono. Njoo wakati wowote, utafikia nyumbani kwangu, gharama usiziwaze.

Nina kikao. Nisalimie Mama Jesca.

Rahabu


Kinyalambo,
6 Mei 2024

Kwa Mheshimiwa Rahabu Mazengo.

Jesca alikwishaondoka barua yako ilipofika. Mchwa hawakula kitu. Nakala ninayo hapa mezani, nimeikandamiza na kikombe.

Mkutano Mkuu wa Kijiji, 14 Septemba 2013. Ajenda namba nne. "Ndugu Leonidas Mpinga amekubali kujitolea kuendesha mashine ya kijiji, na kijiji kitampa posho." Hakuna ukurasa uliochomolewa. Nasri mwaka huo alikuwa sekondari.

Mwandiko naujua. Ni ule ulioandika barua ya kumtafutia Jesca nafasi ya shule, na tuliuhifadhi kwenye Biblia kwa sababu ulikuwa mzuri. Chini kabisa: R. Mazengo, Katibu wa Mkutano.

Nilikaa na karatasi hiyo mpaka chai ikapoa. Mama Jesca akaniuliza kuna nini, nikamwambia macho yananisumbua. Nimeona aibu, na aibu yenyewe sijui ni ya nani.

Ule mchango wa themanini na mbili nimeufuta kwenye kaunta buku. Sikuandika alama nyingine. Kwa daktari siendi.

Leonidas Mpinga
Cheo: .......................


Dodoma,
11 Mei 2024

Baba Jesca,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Ni mimi. Niliandika mimi. Nilijua tangu mstari wako wa kwanza kuhusu muhtasari, na nilikaa na barua yako siku nne nikitafuta namna ya kukujibu bila kuligusa. Nikapata namna. Ndiyo kazi tuliyojifunza humu.

Nisikilize lakini. Kijiji kilikuwa hakina kibali cha kuajiri. Kukiomba ilikuwa miaka miwili. Alizeti ilikuwa imejaa mpaka kwenye darasa la awali, mashine imeshasimikwa, imekaa bure. Watendaji tulikuwa tukikutana kwenye semina tunaambizana: andika amekubali kujitolea, weka posho, kazi ianze. Kila kijiji kiliandika hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na niliona nakusaidia. Kama ningeandika ukweli, Halmashauri wangeurudisha, nawe ungebaki kulima kishamba cha mawe. Jioni ile ulinishukuru. Unakumbuka? Ulileta kuku.

Tangu nimeingia Bungeni nimesimama mara arobaini na moja kuzungumzia kazi na serikali za mitaa. Hakuna anayenikaribia. Mwakani ni uchaguzi. Nikisimama na kusema aliyeandika ni mimi, watakata kipande hicho cha sekunde ishirini na kukisambaza kwenye simu za mkoa mzima, na mara zile arobaini na moja hazitakumbukwa na mtu. Nani atawasemea?

Nitakuandikia maelezo kwa mkono wangu, niyasaini, uyapeleke Halmashauri kimyakimya. Nasri nitamwombea kwa Mkurugenzi. Yatosha, Baba Jesca. Naomba yatoshe.

Rahabu


Kinyalambo,
20 Mei 2024

Mheshimiwa,

YAH: KUKU

Kuku nakumbuka. Alikuwa jogoo, na alikuwa mgumu. Nilikushukuru kwa sababu nilidhani umeniandika kazini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimeipenda kwenye "ni mimi" na kukasirika kwenye mengine yote. Sasa nakujibu kwa mpangilio, kama ulivyotufundisha.

Nasri. Nilimtuhumu mbele ya watu, kwa hiyo nilikwenda kumwomba radhi mbele ya watu, pale pale dukani kwa Mwantum, saa sita mchana, watu wakiwa wanakunywa soda. Nilisimama nikasema: huyu kijana nilimsingizia, sikuwa na ushahidi, nilikuwa na hasira tu. Sikufa. Mzee Amosi alisema nimekonda lakini nimenyooka. Nasri akanilipia soda. Maelezo yake kwa Mkurugenzi tumeyaandika pamoja. Jina lako sikulitaja. Hilo nimekuachia wewe.

Maelezo ya kimyakimya. Siyataki. Wewe ulisema jambo kwenye redio, nchi nzima imesikia kwamba ni watendaji wavivu wa kalamu. Ukilifuta kwa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwangu, litakuwa limefutwa kwangu tu.

Uchaguzi. Unajidanganya, na naona unajidharau. Mimi ndiye mwenye kaunta buku. Watu hapa hawakupendi kwa sababu hujakosea. Wanakupenda kwa sababu ulipokuwa Mtendaji ulikuwa unasoma mapato na matumizi mpaka yale mabaya, jasho likikutoka, na hukuwa ukisema "tutawajulisha." Huyo ndiye ninayempa alama. Huyu wa semina simjui.

Sasa jambo kubwa, na hapa nakuomba ukae. Tazama nakala niliyoambatisha. Mwisho wa ukurasa pameandikwa: "Umethibitishwa leo tarehe ....... Mwenyekiti ....... Katibu ......." Nafasi zote tatu ni wazi! Nimemuuliza Nasri, tumepekua faili siku nzima. Mkutano wa Desemba 2013 akidi haikutimia, mvua ilikuwa imeanza na watu walikuwa mashambani. Machi ulikuwa umeshahamishwa. Aliyekufuata alianza na faili jipya. Mheshimiwa, muhtasari ule haujawahi kuthibitishwa na mtu yeyote. Halmashauri wananikataa kwa karatasi ambayo wenye kijiji hawajawahi kusomewa.

Nasri na Mwenyekiti wamekubali. Mkutano mkuu wa Julai, ajenda namba mbili: kusoma na kuthibitisha muhtasari wa tarehe 14 Septemba 2013. Kanuni unaijua kuliko mimi. Kabla haujathibitishwa, mjumbe anaweza kunyoosha mkono na kusema, "Hapa sivyo tulivyosema." Na anayerekebisha ni Katibu aliyeuandika, kama yu hai. Uko hai. Tunakusikia.

Usije kama mgeni rasmi. Hatuna bajeti ya maua.

Leonidas Mpinga
Cheo: .......................


Dodoma,
10 Juni 2024

Baba Jesca, shikamoo.

Sikukujibu wiki tatu. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Ya pili nilijifanya nina vikao. Ya tatu nilipiga simu Itigi, nikamweleza baba. Kisha akaniuliza yule msimamizi wao wa njia ya reli aliyewaandika vibarua miaka kumi na nne alikuwa anaitwa nani, maana amelisahau jina. Nikamwambia silijui. Akasema, "Basi wewe lako litaje, lisije likasahaulika hivyo," akakata simu mwenyewe.

Nimeomba ruhusa ya kutoa maelezo binafsi na nimeipata. Ni Jumatano, baada ya maswali. Nina dakika tatu. Wenzangu wawili wamenishauri niugue siku hiyo.

Pelekeni redio kwa Mwantum, yake ina spika kubwa.

Julai nakuja. Nitakuja na basi, nishukie Shelui. Kama ile pikipiki bado ipo, naomba mtu anifuate nayo. Nitaendesha mimi.

Rahabu

NB: Maelezo binafsi hayana hoja ya kuunga mkono. Hapo hutanikata kumi.


Kinyalambo,
29 Julai 2024

Mheshimiwa Rahabu,
na kwa leo niruhusu, Mtendaji wetu,

YAH: YATOKANAYO

Uliondoka haraka kuwahi basi, kwa hiyo yapo usiyoyajua. Nayaandika kwa utaratibu.

Kwanza alama, maana uliniuliza mara mbili nami nikakwepa. Jumatano ile ya Juni duka lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia. Uliposema, "Mheshimiwa Spika, mwezi Aprili niliwaita watendaji wa vijiji wavivu wa kalamu. Mtendaji aliyeandika neno lile la kujitolea kule Kinyalambo ni mimi, na mtu aliyeumia kwa neno langu anaitwa Leonidas Mpinga," hakuna aliyepiga makofi. Nasri alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia. Mimi nililia, nakwambia wazi, na sikuwa na mkono wa kufutia kwa sababu wa kushoto ulikuwa na kalamu. Nimekupa tisini na tano. Tano nimezikata kwa miaka kumi na moja ya kuchelewa.

Kile kipande cha sekunde ishirini kilisambazwa kweli. Kilifika mpaka kwenye simu ya Jesca, kimeandikwa juu yake maneno ya kukutukana. Mama Jesca akasema wamtumie na yeye. Anakisikiliza akipika.

Pili, mkutano. Ulipokataa kiti cha meza kuu ukakaa kwenye benchi na akina mama wa kitongoji cha chini, Mwenyekiti alichanganyikiwa, akasahau hata sala ya kufungua. Ulipousoma muhtasari kwa sauti ukafika kwenye ajenda namba nne, mimi ndiye niliyepaswa kunyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili. Lakini kabla sijainuka, uliona mwenyewe, mikono ilikuwa imeshanyooka uwanja mzima, kama mwaka ule. Mzee Amosi alinyoosha yote miwili. "Hapa sivyo tulivyosema!" Hawakuambiwa na mtu waseme hivyo. Wala sikuwafundisha. Mimi nilibaki nimekaa, mtu mzima, nikihesabu mikono.

Ukakata mstari mmoja ule wa "amekubali kujitolea," ukaandika juu yake "ameajiriwa," ukaweka saini yako pembeni. Mwandiko umeharibika kidogo tangu 2013. Wangu umepanda darasa.

Tatu, Jumatatu iliyopita Nasri na mimi tuliupeleka Kiomboi. Tulikaa benchi kwa muda wa saa tatu. Yule wa dirishani akausoma, akaugeuza, akatazama tarehe, akatazama muhuri. Akaniuliza kama najua kwamba hii haimaanishi fidia nitapata kesho. Nikamwambia najua, nina subira ya mtu aliyeendesha injini ya dizeli. Akaniambia basi naomba ujaze hii. Ni fomu ya mfanyakazi aliyeumia kazini. Miaka yote wamekuwa nazo, rundo zima, ndani ya droo.

Nilijaza kwa mkono wa kushoto, polepole. Jina. Kijiji. Tarehe ya kuumia. Halafu kuna mstari wa nne, unaujua ni wa nini. Nasri alitaka kunisaidia kuandika, nikamzuia.

Waraka wa Waziri bado haujatoka. Bunge likirudi, muulize umefikia wapi. Usisome karatasi.

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Mazengo, Itigi, kwa kumbukumbu zake.

Wako,
Leonidas Mpinga
Cheo: Mwendesha mashine, Kijiji cha Kinyalambo, 2013 hadi 2023